Korosho ni chakula bora, lakini ganda lake huchoma

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ambayo foleni ya wagonjwa huwa ndefu, mama mmoja mkaazi wa Umoja alipoingia katika chumba changu akiwa amefunga mikono yote miwili kwa leso. Alifuatana na mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, na kidevu chake kilikuwa na madoa ya kahawia kana kwamba kimepakwa iodini.

Mama alipofungua leso niliona vidole vilivyojaa malengelenge. Ncha za vidole zilikuwa zimegeuka nyeusi na ngozi ya viganja ilikuwa imeanza kubambuka. "Daktari, huu ni ugonjwa ama nimerogwa?" aliniuliza.

Nilimwomba anieleze alikuwa akifanya nini siku mbili zilizotangulia. Shemeji yake alikuwa amefika na basi kutoka Kilifi, na kama ilivyo desturi hakuja mikono mitupu. Alimletea nusu gunia la korosho za shambani zikiwa bado na maganda yake. Mama huyu hufua nguo katika nyumba za watu kule Buruburu. Aliona Mungu amemfungulia mlango: angezikaanga, azifunge katika vifurushi vidogo na kuziuza kwenye kituo cha matatu.

Jumamosi hiyo aliwasha jiko la makaa kwenye roshani ya nyumba yake, orofa ya tatu, akamimina korosho ndani ya sufuria kuukuu. Baada ya muda mfupi maganda yalianza kutoa mafuta meusi, kisha yakashika moto. Moshi mzito ulijaa hata kwa majirani, na mtoto mchanga wa mlango wa pili akakohoa usiku kucha. Mama hakukata tamaa. Zilipopoa kidogo aliketi na mwanawe wakaanza kuzipasua, yeye kwa nyundo na mtoto kwa meno.

Kufikia jioni vidole vilikuwa vikiwaka moto. Jumapili alikwenda katika duka moja la dawa mtaani, akauziwa dawa ya kupaka ya ukungu wa ngozi. Haikumsaidia, kwa sababu hakuwa na ukungu. Alikuwa amechomwa na mafuta ya ganda la korosho.

Msomaji, nimeona wagonjwa wa namna hii mara kadhaa. Karibu wote hushangaa wakiambiwa kwamba korosho, ile njugu nyeupe tamu tunayoitafuna bila wasiwasi ndani ya matatu kwenye msongamano wa magari wa Jogoo Road, hutoka ndani ya ganda lenye mafuta makali ya kuunguza. Hebu tueleze jambo hili hatua kwa hatua.

Mafuta yaliyojificha

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka kaskazini mashariki mwa Brazil, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Leo unamea vizuri Kilifi, Kwale na Lamu, na zaidi sana kusini mwa Tanzania katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Tunda lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni bibo, ambalo wengine huliita kanju. Ni jekundu au la manjano, lina maji mengi na vitamini C. Ya pili ni korosho yenyewe, inayoning'inia chini ya bibo ikiwa na umbo la figo.

Ganda la korosho lina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo mna vishimo vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki. Vishimo hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Ndani ya mafuta hayo mna kemikali kali, kubwa zikiwa asidi anakadiki na kadoli. Ni kinga ambayo mti umejipatia ili wadudu na wanyama wasiile mbegu yake. Viwandani mafuta hayo ni mali, kwani hutumika kutengenezea breki za magari, rangi na vanishi. Fikiria basi kitu kinachofaa kwa breki za lori kikimwagika juu ya ngozi ya binadamu.

Huumiza kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni kuunguza moja kwa moja, kama asidi ya betri inavyounguza. Yeyote aweza kuungua, hata kama hajawahi kugusa korosho maishani. Ngozi hubadilika rangi ikawa kahawia au nyeusi, huwaka, kisha hutoa malengelenge na kubambuka. Haya huanza mara moja au baada ya saa chache.

Njia ya pili ni mzio. Hapa kinga ya mwili huyatambua mafuta hayo kama adui na kuanza kupigana nayo. Upele wenye mwasho mkali hutokea baada ya siku moja hadi tatu, na waweza kuonekana hata mahali ambapo mtu hakumbuki kuguswa na mafuta, kama vile kwenye kope, shingoni au sehemu za siri. Sababu ni kwamba alijigusa kwa vidole vilivyokuwa bado na mafuta chini ya kucha. Mtu akishapata mzio huu huweza kukaa nao miaka mingi, na kila akigusa mafuta hayo tena upele hurudi upesi zaidi.

Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe. Utomvu wa embe na ganda lake una kemikali zinazofanana na za ganda la korosho. Ndiyo maana baadhi ya watu hupata upele kuzunguka midomo msimu wa maembe. Ikiwa umewahi kuumizwa na ganda la korosho, menya embe lako kabla ya kulila, usilimung'unye na ganda. Afadhali mtu mwingine akumenyee.

Kuna kisa kimoja ambacho madaktari hukikumbuka. Mwaka 1982 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, vijana wa ligi ya besiboli waliuza pakiti za korosho ili kuchangisha pesa. Muda si muda watu zaidi ya 50 wakapata upele wenye mwasho. Wachunguzi walipofungua pakiti walikuta vipande vya maganda vimechanganyika na korosho. Zilikuwa zimetoka Msumbiji. Vipande vichache tu vilivyoponyoka kiwandani vilitosha kuwasumbua watu ng'ambo ya bahari.

Ukiguswa na mafuta, fanya hivi

Kwanza, futa mafuta kwa karatasi au kitambaa kikavu bila kuyasambaza. Kisha osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tena na tena, kwa muda wa dakika 15 hivi. Maji peke yake hayatoshi, kwa sababu haya ni mafuta. Safisha chini ya kucha. Vua nguo zilizoingia mafuta na uzifue kando na nguo za wengine.

Yakiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama litapoa.

Usitumbue malengelenge. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa, samli wala majivu. Ikiwa sehemu iliyoungua ni kubwa, au ni usoni, au kuna usaha na homa, muone daktari. Yapo marashi na vidonge vya kutuliza mzio, lakini baadhi yake ni dawa kali za jamii ya steroidi ambazo huharibu ngozi zikitumiwa ovyo, hasa usoni. Usinunue kwa kuambiwa na jirani.

Moshi nao si wa kupuuza. Ganda linapoungua mafuta hupanda na moshi na kuwasha macho, koo na mapafu. Mwenye pumu aweza kubanwa vibaya. Mtu akianza kupumua kwa shida, au uso na koo vikivimba, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali mara moja.

Nionye pia kuhusu dawa za kienyeji. Wapo wanaotumia mafuta ya ganda la korosho kuondoa chunjua au kutibu choa. Ni kweli huunguza chunjua, lakini huunguza pia ngozi nzima iliyo kando yake, na kovu hubaki. Kliniki zina njia zilizo salama zaidi.

Kwa nini basi zile za dukani hazituchomi?

Ni kwa sababu kuna mtu aliyetangulia kuzishika kwa niaba yetu. Korosho nyeupe unayonunua ilipitishwa kwanza kwenye joto kali. Viwandani hupikwa kwa mvuke au katika mafuta ya moto ili ganda lilegee. Vijijini hukaangwa uwanjani juu ya bati au sufuria yenye matundu, maganda yakashika moto, kisha zikamwagiwa mchanga au majivu ya kunyonya mafuta. Baada ya hapo ndipo hubanguliwa, yaani ganda hupasuliwa na punje kutolewa nzima. Hata zile zinazouzwa madukani kwa jina la korosho mbichi zimepitia joto hilo.

Mashine zipo, lakini punje ya korosho imepinda na huvunjika upesi, na iliyovunjika bei yake hushuka. Kwa hivyo sehemu nyingi kazi hii bado hufanywa na watu, na wengi wao ni wanawake. Hupasua moja moja, kwa mashine ndogo ya mkono na mguu, au kwa jiwe na kijiti.

Piga hesabu nami. Kilo moja ya korosho zilizobanguliwa za ukubwa wa kawaida ina punje kama 700. Ili kuipata huhitajika takriban kilo nne za korosho zenye maganda. Kwa hiyo katika kila kilo moja iliyo sokoni, kuna maganda 700 ambayo mkono wa mtu umeyapasua.

Mikono hiyo huungua. Katika nchi nyingi zinazobangua korosho wafanyakazi hujipaka mafuta ya mbarika au majivu ili kupunguza makali. Glavu huwa zipo mara nyingine, lakini nyingi ni nene na hufanya vidole kuwa vizito. Mtu anayelipwa kwa kilo huzivua ili aende mbio. Huchagua ngozi au ugali, na ugali hushinda. Vietnam, ambayo ni miongoni mwa wabanguaji wakubwa zaidi duniani, ilishutumiwa vikali mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilipoeleza jinsi watu waliozuiliwa katika vituo vya kurekebisha watumizi wa mihadarati walivyolazimishwa kubangua korosho, wengine wakichomwa na mafuta hayo.

Kwa miaka mingi Afrika ilikwepa kazi hiyo bila kukusudia. Tunalima, tunauza korosho na maganda yake, India na Vietnam wanabangua. Ivory Coast, iliyo Afrika Magharibi, huvuna korosho kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote duniani, lakini sehemu kubwa imekuwa ikisafirishwa ghafi. Hapa kwetu, kiwanda kikubwa cha Kilifi kilichoanzishwa miaka ya 1970 kiliporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili kazi ya kubangua ifanyike nchini.

Kama mwananchi nakubaliana na nia hiyo. Vijana wanataka kazi. Lakini kama daktari nasema hivi: kazi ya kubangua ikija nyumbani, na majeraha yake huja nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wanaoshika vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga, pamoja na glavu na miwani inapohitajika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inatambua pia magonjwa yanayoletwa na kazi. Ukiwa wewe au ndugu yako anabangua korosho au njugu nyingine zenye maganda makali na mikono ikaanza kubambuka, mwambie daktari kazi unayofanya. Wengi huficha wakiogopa kufutwa. Daktari asipojua kazi yako atakutibu ukungu mwaka mzima.

Faida zake mwilini

Baada ya kusema hayo, nisije nikakutisha ukaacha chakula kizuri. Punje yenyewe, ikishatolewa vizuri, ni salama kwa watu wengi. Gramu 100 za korosho zina takriban gramu 18 za protini, pamoja na madini ya magnesiamu, chuma na zinki. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, na haina kolesteroli hata chembe, kinyume cha uvumi ninaousikia kila mara. Uvumi mwingine, ule wa nguvu za kiume, nao hauna ushahidi wa kutosha. Wanaume watafute sababu nyingine ya kuinunua.

Hata hivyo gramu hizo 100 zina kalori karibu 550, sawa na mlo mzima. Kiganja kimoja kidogo, gramu 30 hivi, chatosha kwa siku. Mwenye shinikizo la damu achague zisizotiwa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza, kwani korosho zina potasiamu nyingi.

Kuna mzio mwingine, tofauti na ule wa ganda. Huu ni wa punje yenyewe, na ni wa hatari zaidi. Mtu hula korosho, hata moja, na katika dakika chache midomo na ulimi huvimba, mwili hutoka vilezi, hutapika, hupumua kwa shida au kuzimia. Huhitaji sindano ya adrenalini hospitalini bila kuchelewa. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo asionje tena korosho, na asile pistachio pia bila ushauri wa daktari, kwani hizo mbili ni jamaa wa karibu.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe korosho nzima. Huweza kumkaba kooni. Msagie, umtilie ndani ya uji.

Unaponunua mtaani

Angalia rangi. Korosho nzuri ni nyeupe, au ya manjano hafifu ikiwa imekaangwa. Ukiona madoa meusi yenye kunata, au kipande cha ganda, usinunue. Inuse: ikinuka uvundo au ukungu, iache. Ukiitafuna na ulimi ukahisi kuwaka, iteme, sukutua, na usimalizie pakiti kwa kuwa umeilipia.

Je, nusu gunia lile?

Mama yule wa Umoja alipona, lakini ilichukua karibu wiki tatu. Mtoto alirudi shuleni baada ya siku sita. Kwa mama, kuungua kulikuwa nusu tu ya hasara. Sabuni ilimwasha, hakuweza kufua, na asiyefua halipwi. Kodi ya nyumba haikumngoja.

Aliponiuliza afanye nini na korosho zilizobaki nilimwambia asizitie moto tena ndani ya nyumba ya orofa, wala asizitupe mahali ambapo watoto wataziokota. Shemeji yake alipokuwa akirudi Kilifi alizibeba, azipeleke kwa mabingwa wa kazi hiyo. Biashara yake hakuiacha. Siku hizi hununua korosho zilizobanguliwa tayari kwa jumla, hunawa mikono, huzikaanga na kuzipima kwa kijiko.

Wewe nawe ukipelekewa zawadi kama ile, shukuru, lakini usiiguse kwa mikono mitupu na usiipasue kwa meno. Na siku utakapotafuna punje nyeupe iliyo nzima kabisa, kumbuka kuna mikono iliyoipitia kabla ya yako. Anayeuza korosho na anayezinunua wote wana haki ya kuuliza kama mikono hiyo ilipewa glavu.